Dereva Aliondoka Mwenyewe

"Hakuna mtu wa jina hilo katika rekodi," afisa alisema, na kabla sijafungua mdomo akaongeza, "pole, mama."

Nilikuwa nimengoja wiki tano kuipata hiyo pole. Fomu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu niliandika "shambulio" mahali palipotaka "tukio". Ya pili niliijaza kwa adabu zote: Naomba rekodi ya polisi ya maandamano ya madereva wa Sogea, Uwanja wa Ndege wa Kithima, lango la tatu, tarehe tisa mwezi wa tatu. Anayetafutwa: Musau Kyalo, dereva, miaka arobaini na mmoja. Uhusiano: mume wangu.

"Angalia tena," nikamwambia.

"Mama, si mimi ninayeangalia. Ni Mshonaji."

Jina la kiserikali la mashine hiyo ni refu na hakuna anayelikumbuka, hata polisi wenyewe wanamwita Mshonaji. Kazi yake ni kuchukua kila kilichoonekana na kusikika mahali pa tukio, kutoka kofia za askari, magari, minara ya simu, halafu kukishona kiwe maelezo mamoja ya maneno, kama taarifa ya shahidi. Siku tatu zikipita, picha zote zinafutwa. Kinachobaki ni yale maelezo, na mahakama haisikilizi mengine. Sura za watu hazimo, sheria ya faragha imekataza. Humo ndani mtu ni akaunti yake. Simu iliyo mfukoni mwako ikiwa na akaunti ya fulani, basi wewe ndiwe fulani, uwe mfupi, uwe mrefu, uwe mke wake.

"Akaunti ya Musau Kyalo ilifungwa mwezi wa pili, tarehe kumi na saba," afisa akasoma kwenye kioo. "Tangu hapo haijaonekana popote nchini. Kwa hivyo hakuwa uwanjani."

"Alikuwa. Asubuhi hiyo nilimpa chai kwa mkono huu."

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ikanichoma kuliko dharau. Alikuwa msichana mdogo tu, nywele amezisuka vizuri. Kifuani palikuwa na beji: Chelagat, na chini ya jina, 4.6. Kioo cha mezani kikawaka mbele yangu. Umehudumiwaje leo? Nyota tano tupu zikingoja kidole.

Nikabonyeza moja.

Musau alifungiwa akaunti kwa sababu ya nyota moja kama hiyo. Abiria aliandika kwamba dereva anakohoa. Kwa hivyo nisijifanye sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua, na nilifurahi kukifanya.

*

Yadi ya madereva iko kilomita tano kutoka uwanjani, nyuma ya maghala ya mizigo. Hapo ndipo Sogea, kampuni ya teksi za simu, iliwahamishia ili wasionekane na wageni. Mimi nauza chai na mandazi chini ya bati karibu na geti, na ndimi mwenye daftari.

Daftari lilikuja kwa sababu foleni ya Sogea inarukaruka. Unaweza kuwa wa pili, ukapepesa macho ukawa wa thelathini. Madereva wakachoka kupigana, wakakubaliana kwamba foleni ya kweli ni ile ya kuandikwa kwa kalamu, na kalamu ishikwe na mtu asiyeendesha. Ukifika unaniambia, nakuandika. Simu ikikuita kabla ya aliye mbele yako, unamwachia. Hakuna aliyewahi kuvunja hilo, na hawa ni watu ambao wakikutana barabarani wanatukaniana mama.

Kila mstari una majina mawili. Kushoto ni jina la akaunti, kulia ni jina la aliyeshika usukani. Maana nusu ya watu wa yadini wamefungiwa akaunti, na aliyefungiwa anaazima kwa mgonjwa, kwa aliyesafiri, hata kwa marehemu. Ukiazima akaunti unabeba na simu ya mwenyewe, kwa sababu akaunti haihami simu. Jina la kulia nililianzisha mimi. Nilitaka mtu akipata ajali nijue nimpigie nani nyumbani kwake.

Tarehe tisa mwezi wa tatu, mstari wa kumi na nne: kushoto Barasa, kulia Musau.

Siku hiyo waliandamana kwa sababu ya sheria mpya. Dereva akingoja zaidi ya saa tatu yadini, Sogea inamrudisha mwisho wa foleni, angoje upya. Walikuwa sitini na mmoja. Walienda lango la tatu wakazima injini, wakalalia honi. Polisi wa uwanja wakaleta gari la kishindo, lile linalosukuma hewa mpaka watu wanaanguka bila kuguswa. Kerubo, dereva wa mstari wa kumi na tano, alimwona Musau akienda chini na kichwa kikigonga ukingo wa barabara. Aliona askari wawili wakimwinua na kumwingiza kwenye gari la kijivu. Kama alikuwa anapumua, hakuweza kuona. Gari lilipoondoka aliokota simu kwenye lami, na jioni akaniletea.

Nimetafuta vituo vyote. Nimetafuta hospitali, na mochari nne, ambako nimefunuliwa nyuso ambazo bado nazila pamoja na chakula. Musau hayuko. Sikuwa tena naomba arudi. Nilikuwa naomba nijue yuko wapi, nimzike, nimwambie mwanangu Mutheu hapa ndipo baba yako alipo. Niliomba hilo tu, na bado lilikuwa kubwa mno.

"Rekodi ni yako, Barasa," nilimwambia siku niliyotoka kwa Chelagat. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Aliyeanguka kwao ni wewe. Ni wewe tu unayeweza kuomba."

"Niende niwaulize polisi walinipeleka wapi?"

"Ndiyo."

"Nikiwa nimesimama mbele yao, mzima?"

"Sema uligonga kichwa, hukumbuki kitu."

Alicheka, mwili wake mkubwa ukatikisa kreti, halafu kicheko kikaisha ghafla. Barasa na Musau walianza kuendesha mwaka mmoja. Siku ile mgongo ulikuwa umemlaza Barasa kitandani, akampa Musau simu yake ili asikose cha kupeleka nyumbani. Tangu hapo hajawahi kunitazama machoni kwa muda mrefu.

"Wakijua nilimwazima, ni kufungiwa maisha, Mama Mutheu. Na kesi juu."

"Najua."

"Wacha nimalize chai," akasema. "Twende kesho."

*

Alikuja amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kikubwa kama cha harusi.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza mlangoni.

"Si umesema niligonga kichwa?"

"Miezi karibu mitatu iliyopita, Barasa."

Alikitoa akakitia mfukoni. Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, na ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka mwaka huo.

Kwa kuwa rekodi ilikuwa ya mwenyewe, haikuchukua hata nusu saa. Mimi niliandikwa msindikizaji. Chelagat alisoma kwa sauti, maana sheria inataka isomwe.

"Saa nne na dakika tisa asubuhi, dereva Barasa alilala chini, lango la tatu. Saa nne na dakika kumi na mbili, dereva aliondoka mwenyewe kwa miguu, kuelekea mashariki. Hali yake: salama."

Barasa akashika ukingo wa meza. "Hiyo salama wameitoa wapi?"

Chelagat akateremsha kidole kwenye kioo. "Picha za dakika zile tatu hazikuwa nzuri. Vumbi. Pakiwa na pengo, Mshonaji anashonea kitambaa kilicho jirani. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi ulibeba abiria kutoka Jengo la Pili. Siku hiyo ulifanya safari tisa. Mtu aliyeendesha safari tisa leo, jana hakubebwa na mtu."



Ni mimi. Jioni ile ya tarehe tisa, Kerubo aliponiletea simu, niliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Barasa. Mgongo ulikuwa bado unamuuma. Nilimwambia, "Kesho uwe kazini, hata kama ni kwa kuburuta. Akaunti ikinyamaza siku ya pili ya maandamano, inachunguzwa." Nilidhani Musau yuko rumande, kwamba siku tatu atatoka, na sikutaka atoke akute ameunguza akaunti ya rafiki yake. Kila dereva wa yadini angefanya vivyo hivyo. Ndivyo tunavyolindana. Nilimwinua Barasa kitandani, nikamtuma akamfute mume wangu, safari moja baada ya nyingine, na usiku huo nililala nikijisifu kwa akili.

Barasa alikuwa analia bila sauti. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

Chelagat akageuza kioo kikatazama ukuta. Nikaona namba ya kifuani mwake. 4.5.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nadhani aliyelala chini hakuwa huyu. Sitaki mniambie. Mimi nitawaeleza sheria tu."

Barasa akajifuta machozi.

"Picha zimefutwa. Lakini safari za magari ya polisi zinahifadhiwa siku tisini. Leo ni ya themanini na nne. Mkileta ushahidi kwamba simu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, Mshonaji analazimika kufumua na kushona upya. Atafungua safari ya kila gari lililokuwa langoni saa nne na dakika kumi na mbili. Atasema lilisimama wapi."

"Atasema mahali?" nikauliza.

"Atasema mahali."

Nilihisi kitu kinapanda kifuani. Nimeshakisahau jina lake sasa, lakini nadhani kilikuwa tumaini.

"Ushahidi gani?"

"Kitu kilichoandikwa siku ile ile, kwa mkono. Kiwe kizima. Hakubali kipande wala nakala wala mstari uliofunikwa. Na akikisoma, anakisoma chote."

Ukurasa wangu ulikuwa na mistari sitini na mmoja. Sikuhitaji kuufungua. Katika thelathini na minane, jina la kulia halikufanana na la kushoto.

"Na tukiacha tu?" Barasa akauliza. "Tukienda nyumbani?"

"Ombi likishafunguliwa lazima lifungwe. Ama msahihishe, ama mtie sahihi kwamba mmeridhika na rekodi, nyote wawili. Siku ya tisini ikifika bila hilo, rekodi inaitwa yenye mgogoro. Akaunti zote zilizomo zinashikiliwa, na kila mwenyewe anaitwa aje na uso wake alinganishwe."

"Hilo ungetuambia kabla hatujaomba!" Nilipiga kelele mpaka watu wa benchi wakageuka.

"Liko nyuma ya fomu, mama."

Niligeuza fomu. Lilikuwapo kweli, kwa herufi za kumtosha mdudu.

Tulipokuwa tukiinuka, Chelagat akasema, bila lawama, "Ulinipa moja siku ile."

"Ndiyo."

"Nikishuka chini ya nne na nusu napelekwa ghala la chini. Huko hakuna watu. Ni mashine tu." Akarudisha kioo mahali pake. "Basi tu. Nilitaka ujue sikukasirika."

*

Yadini habari ilifika kabla yangu. Nilijua kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Kwa siku tano walikuja, wakataja majina mawili mawili kama kawaida, nikaandika. Walikunywa chai wakarudisha vikombe vikiwa vimesuuzwa, jambo ambalo watu wale hawajawahi kufanya tangu nifungue kibanda. Mmoja alinitengenezea bati lililokuwa linavuja. Ningependa wangenitukana.

Nilianza kuwachukia. Niseme wazi. Nilimtazama kila mmoja akinyanyuka kwenda kwenye gari lake na nikahesabu moyoni: huyu anaenda kwa sababu Musau hana kaburi. Niliuchomoa ukurasa ule daftarini, nikaukunja nikauweka kwenye pochi, kisha nikautoa, kisha nikauweka. Musau ndiye aliyewaambia wazime injini. Musau ndiye aliyekuwa mbele. Mbona wao wapo na yeye hayupo?

Siku ya themanini na tisa, mchana, Kerubo alikuja kukaa kwenye kreti. Kerubo anaendesha kwa akaunti ya mumewe, aliyefariki miaka miwili sasa. Kwa Sogea mwanamume yule bado ni dereva hodari, mwenye nyota nne nukta tisa.

"Mama Mutheu," akasema, "sikuja kukuomba kitu."

"Basi kunywa chai."

"Mimi ndiye nilimwona anaanguka. Ningeshuka garini. Nilikuwa hatua kumi." Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Sikushuka kwa sababu wangeniuliza jina. Ningesema lipi?"

Nikamwongezea chai.

"Ukipeleka huo ukurasa, peleka. Nimeshawaambia watoto wanaweza kuhamia kwa nyanya yao kule Nyamira. Nimekuja kukuambia hivyo tu. Usilale macho kwa ajili yangu."

Laiti angeniomba. Angeniomba, ningekataa, na ningeupeleka ukurasa mchana ule ule. Lakini alimaliza chai yake, akasuuza kikombe, akaniuliza yuko wa ngapi. Nikamwambia wa ishirini na mbili. Akaenda kukaa garini kungoja zamu yake.

Jioni kabla ya giza nilimkalisha Mutheu, ana miaka kumi na mmoja, nikamwuliza kama anataka tujue mahali alipo baba hata kama watu wengine wataumia.

"Watu gani?" akauliza.

Nikamtajia. Anawajua wote, wamempeleka shule kwa zamu tangu baba yake apotee.

"Hata Auntie Kerubo?"

"Hata yeye."

"Baba angekasirika," akasema, halafu akaanza kulia, akasema anataka kujua, anataka, anataka. Nilimshika mpaka akatulia. Nilikuwa nimemtwika mtoto mzigo wangu, na sijajisamehe.

*

Siku ya tisini tulifika mlango unapofunguliwa. Ukurasa ulikuwa kwenye pochi. Naapa kwamba hata nilipokaa mbele ya Chelagat nilikuwa sijui mkono wangu utafanya nini.

"Kusahihisha au kuridhika?" akauliza.

Barasa akasema, "Mama Mutheu ndiye ataamua. Lolote ni sawa."

Niliufungua ukurasa chini ya meza nikausoma wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa sitini na mmoja. Mwandiko wangu mwenyewe. Nilipofika wa kumi na nne nikaweka kidole hapo, juu ya jina lake. Nilimwambia Musau nisamehe. Nilimwambia kwa Kikamba, maana ndiyo lugha tuliyogombana nayo na kupatana nayo.

Halafu nikaukunja.

"Kuridhika," nikasema.

Chelagat alisukuma kioo. Maneno yalikuwa makubwa, ya kumtosha hata mzee asiyeona vizuri. *Mimi niliyetia sahihi nathibitisha kwamba rekodi niliyosomewa ni ya kweli na kamili, na kwamba hakuna aliyedhurika.* Barasa alitia sahihi kwanza, akatoka nje mbio na mdomo ameuziba kwa mkono. Kisha mimi. Mbula Musau. Nilitumia jina lake kuthibitisha kwamba hakuanguka.

"Ombi limefungwa," Chelagat akasoma, kwa kuwa sheria inataka asome. "Safari za magari za tarehe tisa zitafutwa leo saa kumi na mbili jioni. Asante kwa kutumia huduma yetu."

Kioo kikawaka. Umehudumiwaje leo?

Zile nyota tano tupu. Kifuani mwake bado 4.5. Hakunitazama, alikuwa anapanga karatasi zilizokwisha kupangika. Nikamkumbuka Musau usiku ule alipokaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, akiniuliza, "Kwani kukohoa ni kosa?"

Nikabonyeza tano.

Nje, Barasa alikuwa ameegemea gari, macho mekundu. Simu yake ikalia. Alipoitazama uso ukambadilika, akanionyesha bila kusema. Abiria mmoja, lango la tatu.

"Sitaenda," akasema. "Leo siwezi, Mama Mutheu. Nitaizima."

Nilifikiria akaunti ikinyamaza leo, siku ile ile ombi lake limefungwa, ikachunguzwa. Nilifikiria Mshonaji, ambaye hachoki kutafuta kitambaa cha jirani.

"Washa gari," nikamwambia. "Nitakaa nyuma."